Ala ya Mtukufu na Kiuno cha Taifa

Msomaji, mambo haya hayakutokea kwetu. Nalisema hili mapema ili usome bila kugeuka geuka kutazama nani amesimama nyuma yako. Yalitokea katika nchi moja ya mbali, ambayo viongozi wake, tofauti kabisa na wetu, wana matumbo.

Nchi hiyo ilikuwa na amani ya kupindukia. Amani ililindwa kila kona, na mtu aliyekohoa wakati wa hotuba alichukuliwa akatibiwe kikohozi mahali ambapo ndugu zake hawakuoneshwa. Sifa hizo zilifika ng'ambo, kwa Jumuiya ya Amani, ambayo ni wazee fulani wenye suti za kijivu na usikivu hafifu. Wakaamua kumpa Mtukufu wa nchi hiyo Nishani ya Mkono Mtupu, inayotolewa kwa kiongozi anayetawala bila silaha. Sharti lao lilikuwa jepesi: siku ya kuipokea, asimame uwanjani mbele ya watu wake bila askari kando yake wala chuma mwilini mwake.

Askari hawakuwa tatizo. Wangevalishwa kanzu, wakaitwa kwaya. Tatizo lilikuwa chuma. Mtukufu aliingia madarakani akiwa na bastola mkononi, na tangu siku hiyo hajawahi kuachana nayo. Hula nayo, huoga nayo, na inasemekana mke wake hulala pembeni kabisa ya kitanda kwa sababu katikati pana mwenyewe. Wala si bastola ya kuchezea. Ni lidude la saizi kamili, refu kama kiatu cha mtu mzima, zito kiasi kwamba suruali zake zote zimening'inia upande wa kulia. Miaka yote aliivaa nje, yenyewe ipate hewa na wananchi wapate adabu. Sasa alitakiwa aifiche, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata msikitini na kanisani, ambako huenda kote ili asimuudhi yeyote.

"Kwa nini usichukue ndogo, Mtukufu?" aliuliza Mheshimiwa Kilindo, waziri wa afya, mtu aliyesoma mpaka akasahau anaishi wapi. "Zipo zinazoenea kiganjani."

Baraza zima la mawaziri likatazama dari.

"Kilindo," alisema Mtukufu kwa upole, "nchi hii ni ndogo?"

"Hapana, Mtukufu."

"Wananchi wangu ni wadogo?"

"Hapana, Mtukufu."

"Basi wewe unataka nijilinde nao kwa kitu cha kutia kwenye pochi ya bibi harusi?"

Mawaziri walipiga makofi. Kilindo naye alipiga, na alikuwa bado anapiga walipomtoa nje. Sasa yuko kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini, ambako serikali huwapeleka wasomi wake wapumzishe akili.

*

"Nani hapa anashughulika na ngozi?" aliuliza Mtukufu.

Viti vikasogea. Katikati ya uwazi uliobaki alionekana Mheshimiwa Sefwani Makorongo, waziri wa Mifugo na Ngozi, mtu mnene, mpole, aliyepanda vyeo kwa kipaji chake cha kulala huku macho yakiwa wazi.

"Nataka ala," Mtukufu alimwambia. "Ala ya ngozi ya kuchomekea hii kitu. Isionekane hata na malaika. Isinibane, isinichome, isinikwangue. Nikae nayo, nisimame nayo, nihutubie nayo. Ikinikaa vizuri, omba utakacho. Ikiniumiza, utakwenda kumsaidia Kilindo kupakia chumvi."

Makorongo alishukuru kwa heshima hiyo mpaka jasho likamtoka.

Hapa lazima nieleze habari ya kiuno, maana bila kiuno hutaelewa jasho. Katika kila ofisi ya nchi hiyo, kila banda la kinyozi, kila wodi ya wazazi, kuna picha ya Mtukufu iliyopigwa mwaka alioshika nchi. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka porini, amekonda kwa njaa. Sheria inasema Mtukufu ni kama alivyo pichani. Kiuno chake ni inchi thelathini na mbili, na watoto wa darasa la kwanza hukariri namba hiyo mara tu wanapomaliza irabu. Tangu mwaka ule Mtukufu amekula katika kila sherehe ya taifa, na taifa lile halina siku isiyo na sherehe. Tumbo lake sasa hupokelewa mlangoni kabla yake. Lakini hakuna aliyewahi kuliona.

Mafundi walimshonea suruali za inchi thelathini na mbili. Zilipokwama mapajani, dobi alikamatwa kwa kosa la kupunguza nguo za serikali kwa maji ya moto, na suruali ikatiwa kiraka cha nyuma kwa siri kuokoa mali ya umma. Hivyo fundi akawa salama, Mtukufu akawa mwembamba, na dobi akapatikana mwingine. Utaratibu huo ulisifiwa hata bungeni.

Sasa mtazame Makorongo. Ngozi haifuliwi. Kwenye ala hakuna dobi wa kumsingizia.

*

Mkewe, Bi Zamoyoni, alikuwa anachambua mchele alipomwona mumewe akiingia na rangi ya jivu.

"Baba Chiku, umeumwa na nini?"

Akamweleza. Bi Zamoyoni aliendelea kuchambua mchele, akatupa chuya, akafikiri.

"Ukiikata kwa kiuno cha pichani?"

"Itambana. Niende chumvini."

"Ukiikata kwa tumbo lenyewe?"

"Shh! Tumbo gani? Mtukufu hana tumbo!" Makorongo alikimbilia dirisha, akalifunga. "Kulitaja tu ni uhaini. Nitakwenda chumvini na wewe utanifuata."

Bi Zamoyoni aliliangalia tumbo la mumewe, lililokuwa limetulia mezani kati yao.

"Na hilo lako umelipata wapi?"

"Hili ni langu binafsi."

"Si mnakula sinia moja? Wanaume wazima mmejaa huko barazani, mnaogopa futi ya fundi cherehani!" Alisukuma ungo pembeni. Alikuwa amekasirika kweli, na chini ya hasira alikuwa anaogopa, kwa sababu alimpenda yule bwege. "Haya, fanya utakavyofanya. Lakini mimi mjane wa mtu aliye hai sitaki kuwa."

*

Makorongo alifanya kile ambacho waziri yeyote hufanya akiogopa. Akaunda kamati.

Kamati ya Taifa ya Ala iligawanyika ikazaa Kamati Ndogo ya Nyonga ya Kulia, Kamati Ndogo ya Nyonga ya Kushoto, na Kamati Ndogo ya Kwapa, ambazo hazikuwa zinasalimiana. Wajumbe walisafiri ng'ambo kujifunza ngozi, wakarudi na viatu, mikoba ya wake zao, na pendekezo la safari nyingine. Profesa mmoja wa chuo kikuu alisoma mada ndefu akithibitisha kwamba raha ya nyonga ni fikra za kigeni, na kwamba mwili wa kizalendo hauumii. Alishangiliwa, kisha akaulizwa kama yuko tayari kumwambia hivyo Mtukufu. Akasema bado anaendelea na utafiti.

Mkuu wa usalama, Kanali Ndembo, mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza mtoto, alikuja na wazo lake.

"Kwa nini tuhangaike kuificha bastola?" alisema. "Si tuwafiche watazamaji?"

Wazo lilipendwa sana. Lilikwama pale mtu mmoja alipokumbusha kwamba wale wazee wa kijivu watakuja na macho yao wenyewe.

Majaribio yalifanywa mwilini mwa Makorongo, kwa kutumia pacha wa bastola ile aliyetolewa ghalani bila risasi. Walianza na kwapa. Lakini katika nchi hiyo makofi hupigwa mikono ikiwa juu ya kichwa, na jina la Mtukufu likitajwa, Mtukufu mwenyewe hupiga kwa nguvu kuliko wote, maana naye ni mzalendo. Makorongo alipoinua mikono, koti lilifunguka na bastola ikachungulia.

Wakaifunga mguuni. Makorongo akatembea kama mtu anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda. Wakaihamishia mbele, chini ya kitovu. Akiwa amesimama ilikuwa sawa, akikaa mtutu ulimkandamiza mahali ambapo itifaki hairuhusu kupataja. Wakaiweka katikati ya mgongo, akaegemea kiti, akapiga yowe. Kamati ikaandika kwamba yowe lilikuwa la wastani.

*

Mwishowe ikabidi waitwe watu wa kazi. Akaletwa Fundi Shambwe, mshonaji wa matandiko ya farasi wa gwaride, mwenye majivuno makubwa na mdomo usiofungwa.

"Nani aliwaambia muitundike kama nyama buchani?" aliwaambia waheshimiwa bila kusalimia. "Bastola kubwa huivai juu ya suruali. Unaiingiza ndani, kati ya suruali na mwili, nyuma kidogo ya nyonga. Mpini unauinamisha mbele usisukume koti. Ngozi iwe pana, uzito utawanyike. Juu unaacha ulimi wa ngozi, chuma kisiguse mbavu. Mdomo uwe mgumu, usijifunge. Halafu mkanda mnene, ulioshonwa pamoja na ala, wa kuzunguka kiuno sawasawa. Hata farasi wangu anajua hayo."

Kamati ilipumua kwa furaha. Shambwe akatoa futi mfukoni.

"Kiuno cha nani?"

Mjumbe mmoja akatoa simu ambayo haikuwa imeita, akatoka nje akisema "haloo". Mwingine akamfuata. Muda si mrefu walibaki wawili, fundi na waziri.

"Mheshimiwa, mimi najisifu lakini si mjinga," alisema Shambwe, sauti imepungua. "Nitajie inchi kwa mdomo wako mwenyewe. Sitaki kesho uje useme Shambwe alikisia."

Makorongo alitazama picha ukutani, yule kijana mwembamba wa porini. Akaitazama futi. Akaiona chumvi.

"Changu," alisema. "Pima changu."

Hilo ndilo tendo pekee la ushujaa alilowahi kulifanya katika utumishi wa umma, na alilifanya kwa woga. Kwa kuwa walikula sinia moja miaka yote, viuno vilikuwa sawasawa. Shambwe aliloweka ngozi, akaibonyeza juu ya bastola mpaka ikashika umbo lake, akashona kwa uzi wa nta. Kwa ndani, kwa chuma cha moto, akagonga namba ya kisheria: 32.

Lakini ngozi mpya ni ngumu, haina adabu mpaka ivaliwe. Nani angemvalia Mtukufu? Makorongo akaivaa mwenyewe, na yule pacha wa bastola ndani yake, ofisini, harusini, kitandani. Mwanzoni ilimkwangua mpaka akapaka mafuta ya nazi. Baadaye ikalainika, ikakubali mwili wake, akawa anaisahau. Akaanza kutembea kifua mbele. Siku moja alimkatalia dereva wake jambo, akajishangaa.

"Siku hizi unanijibu," alisema Bi Zamoyoni. "Hebu livue hilo dude lisije likakuletea balaa."

"Ngoja lilainike, mama Chiku. Maisha yetu yamo humu."

*

Mtukufu alivaa ala ile, akachomeka bastola yake, akafunga koti. Akainama. Akakaa. Akajipigia makofi juu ya kichwa. Hakuna kilichochungulia wala kilichomchoma. Kisha akaigeuza ndani, akaona namba.

Machozi yakamlengalenga. "Thelathini na mbili," alisema. "Mnaona? Sijabadilika."

"Hujabadilika, Mtukufu," walisema mawaziri, wakibanana ukutani kulipisha tumbo.

Siku ya nishani ilifika. Kwaya ilisimama kwa mistari iliyonyooka mno, ikaimba kwa sauti moja nene. Wazee wa kijivu walimwomba Mtukufu anyanyue mikono, akainyanyua, wakaona mtu asiye na kitu. Mmoja wao alilia. Wakamvisha nishani. Umati ukashangilia, maana ulijua kinachofuata ni hotuba fupi.

Hapo wananchi walikosea hesabu. Miaka yote hotuba za Mtukufu zilikuwa fupi kwa sababu ya ile bastola ya nje, iliyomvuta nyonga ikamwasha mpaka akakatisha sentensi na kwenda kukaa. Maumivu ya nyonga ile yalikuwa ndiyo uhuru pekee waliobaki nao. Sasa hakuna kilichouma. Mtukufu alihutubia asubuhi, akahutubia adhuhuri, akahutubia jua lilipoanza kurudi nyuma ya jukwaa. Alieleza utoto wake, kisha akaueleza tena kwa waliochelewa. Watu walianguka kwa kiu na wakahesabiwa kuwa wameguswa. Mama mmoja alijifungua palepale, na kwa kuwa hakuruhusiwa kutoka, mtoto alisikiliza nusu ya pili. Wazee wa Jumuiya ya Amani waliandika kwamba hawajawahi kuona umati uliotulia namna ile.

*

Baadaye, Ikulu, Mtukufu alikaa mezani, akajipigapiga nyonga kwa mapenzi.

"Makorongo, umeniweza. Nimesahau kabisa kama ninayo. Umefanyaje mpaka ikawa laini hivi?"

Makorongo hakuwahi kusifiwa mbele ya watu. Sifa zilimpanda kichwani upesi kuliko pombe.

"Niliivaa mwenyewe, Mtukufu! Nimekula nayo, nimelala nayo, mpaka ikanizoea."

Kanali Ndembo aliweka chini paja la kuku.

"Ikakuzoea wewe," alisema Mtukufu.

"Kabisa, Mtukufu."

"Na mimi inanikaa kama nimezaliwa nayo."

"Kabisa, Mtu..." Makorongo akasikia anachosema, lakini alikuwa amekwisha kukisema.

"Naomba kuuliza tu, nielimike," Kanali Ndembo alisema kwa sauti yake ya kubembeleza. "Ala ya Mtukufu inamtosha waziri. Ala ikimtosha mtu, bastola inamtosha. Bastola ndiyo iliyotupa serikali. Sasa kimebaki nini kisichomtosha?"

"Kiti," alinong'ona mtu.

Wote wakakitazama kiti cha Mtukufu. Kilikuwa kipana, chenye mto.

Wengine wangempiga risasi. Mtukufu, mwenye nishani ya amani kifuani, alikuwa mtu wa huruma. Alimkumbatia Makorongo, akampapasa kiunoni kwa muda mrefu.

"Umenitumikia vizuri," alisema. "Kwa hiyo sikuhukumu. Utakwenda chumvini mpaka ala hii isikutoshe. Siku itakapokulegea, rudi nyumbani kwa mkeo."

*

Kilindo alimpokea kwenye lundo la chumvi, midomo imepasuka.

"Ilimkaaje?"

"Vizuri sana."

"Aa," alisema Kilindo, akampa koleo. "Ndiyo maana."

Makorongo hakulalamika. Aliona amepewa msamaha wenye masharti rahisi, na kwa mara ya kwanza maishani alifanya kazi. Alichota chumvi tangu alfajiri. Alikuwa mfungwa pekee aliyeomba apunguziwe chakula, na serikali ikamkubalia ombi lake siku ileile. Mara kwa mara afisa wa kambi alikuja na ala iliyoshonwa kwa kipimo kilekile, akamvalisha. Ilimbana. Kisha ikamkaa. Kisha ikaanza kucheza.

Bi Zamoyoni alisafiri na hotipoti ya pilau, akarudi nayo imejaa.

"Kula hata kidogo, baba Chiku. Mashavu yamekwisha."

"Usinirudishe nyuma, mke wangu. Nimebakiza kidogo tu."

Alimlilia njia nzima, akamtukana Mtukufu kimoyomoyo kwa matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Hatimaye siku ilifika. Afisa alimfunga Makorongo mkanda wenye ala, akaachia, na vyote vikateremka mpaka magotini. Kilindo alirusha kofia. Bi Zamoyoni, aliyekuwa amesimama langoni na hotipoti na shati safi la kuvaa kurudi nyumbani, alipiga kigelegele kilichofika hadi baharini.

"Hongera, Mheshimiwa," alisema afisa. Alikuwa kijana mwenye kufuata utaratibu. "Nikupime tu, niripoti umepungua kiasi gani."

Akazungusha futi. Akasoma. Akafuta jasho, akasoma tena. Akamwita askari asome kwa sauti.

"Thelathini na mbili," alisoma askari, na kwa kuwa alifundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, akakakamaa na kupiga saluti.

Afisa alikuwa hana damu usoni. "Mheshimiwa, hiki ni kiuno cha Mtukufu."

"Ni changu!"

"Katika nchi hii kipo kimoja tu. Nikikuachia utembee mjini na kiuno hiki, chini ya zile picha, watu wakalinganisha, mimi nitakuwa nimeachia nini?"

"Basi nitakula ninenepe."

"Ala itakutosha."

"Nitapungua zaidi."

"Utakuwa umemzidi Mtukufu."

Makorongo alisimama ndani ya ule mduara wa mkanda ulioanguka miguuni pake. "Sasa nifanyeje, afande?"

Kijana alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. "Uwe unakula," alisema, "lakini usishibe."

Bi Zamoyoni alimpita afisa kwa bega, akaketi juu ya chumvi, akafungua hotipoti. Mvuke ulipanda.

"Kula, baba Chiku," alisema. "Kula mpaka uvimbiwe. Hawa hawana unene wala wembamba watakaokuachia."

Makorongo alichukua kijiko. Alichota kikajaa, akakipeleka mdomoni, akatia. Kisha, mashavu yamejaa pilau, akamgeukia afisa, akasubiri aambiwe kama ameze.